Miiko ya Jiko la Bi Mwanaamina

Jiko la umeme la Mzee Khatibu liliingia Kasulu mwaka sabini na tano, limelazwa chali juu ya lori, limefungwa kamba kifuani na miguuni. Wahandisi wa barabara waliokuwa wamepiga kambi Kibondo walikuwa wamemaliza kazi yao, na kabla ya kuondoka waliuza kila walichoona hakibebeki: vitanda, matangi, jenereta ya dizeli, na hilo jiko. Khatibu alikwenda Kibondo kwa ajili ya jenereta tu, maana alikuwa na mashine ya kusaga na alitaka taa. Jiko alilichukua kwa sababu lilikuwa jeupe na hakuna mtu mwingine aliyelitaka.

Mkewe, Bi Mwanaamina, alipoliona likishushwa alipiga vigelegele mpaka foleni ya mashineni ikavunjika, watu wakaja kutazama. Mwanaamina alikuwa mzaliwa wa Ujiji, na kwake yeye mtu yeyote aliyezaliwa mbali na Ujiji alikuwa mtu wa porini, akiwemo mumewe siku wakigombana. Aliwahi kukaa majuma mawili Dar es Salaam kwa shangazi yake, na huko aliwahi kuliona jiko la umeme, kwa mbali, mlango wa jirani ulipoachwa wazi. Elimu yake yote ya umeme ilikuwa hiyo.

Fundi Venanti wa mashineni akavuta waya kutoka kwenye jenereta hadi jikoni, akapigilia swichi kubwa yenye mkono mwekundu ukutani, karibu na mlango. Akasema, "Mkono huu ukishushwa, umeme umekatika. Hata kama mmesahau mengine yote, hili msilisahau." Akaondoka. Mwanaamina alisahau kabla fundi hajafika langoni.

Kisha akamwita Niyitegeka.

Niyitegeka alikuwa mama wa makamo, mwembamba, mwenye uso usiotoa siri. Alikuja kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, akiwa na binti yake Kezia mgongoni na sufuria moja kichwani. Alilima kwanza upande wa Titye, kisha akasogea mjini, na sasa ulikuwa mwaka wa pili anapika na kufua kwa Mzee Khatibu. Watu wa nyumba walimwita Mama Kezia. Mwanaamina, akiwa na hasira, alimwita "wewe".

"Wewe, njoo uone," alisema siku hiyo. "Hili ni jiko. Najua huamini, lakini ni jiko. Halili kuni, halili mkaa. Linakula umeme."

"Yooo!" akasema Niyitegeka.

"Usilisogelee ovyo, litakumeza. Huko kwenu porini mlikuwa mkipikia nini?"

Niyitegeka akalitazama jiko. Sahani nne za chuma juu, oveni chini, vitufe vitano mbele, cha mwisho kimekatika kipande. Akamtazama Mwanaamina.

"Mavi ya ng'ombe, mama," akajibu.

"Nilijua," Mwanaamina akasema kwa huruma kubwa. "Basi nitakufundisha."

Jambo ambalo Mwanaamina hakulijua, kwa kuwa hakuwahi kuuliza, ni kwamba Niyitegeka alikuwa amepika miaka tisa Bujumbura, katika nyumba ya mfanyabiashara wa kahawa, Mgiriki, juu ya jiko lililokuwa ndugu kabisa wa hili. Bibi wa nyumba ile alimfundisha kwa rula ya mbao. Kila kosa lilikuwa na pigo lake kwenye vidole. Niyitegeka alilijua jiko la umeme kama anavyojua kisigino chake. Alijua linavyonguruma likiwa zima na linavyonyamaza likiwa na ubaya.

Alikuwa tayari kusema. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini neno hilo "porini" lilikuwa limeingia sikioni vibaya, na uso wa Mwanaamina ulikuwa umejaa raha ya kufundisha. Niyitegeka akaona si vizuri kumnyima mtu raha yake. Akavuta kigoda, akakaa, akasikiliza.

Siku tatu za kwanza alikaribia kupasuka kwa kicheko. Mwanaamina alizungusha kitufe cha kwanza, akaweka chai kwenye sahani ya tatu, akangoja nusu saa. Alipoambiwa na bintiye Mwamvua kuwa maji bado baridi, akasema umeme wa Kibondo ni mzito, unachelewa kupanda mlima. Siku ya pili aliweka kikombe cha plastiki kwenye sahani iliyokuwa imezimwa punde tu. Sahani ilikuwa nyeusi, haina wekundu wowote, na Mwanaamina aliamini moto usioonekana haupo. Kikombe kikalala, kikajikunja, kikawa kama ulimi.

Siku ya tatu kicheko kikamtoka Niyitegeka kabisa. Alimkuta Mwanaamina amesimama miguu mitupu kwenye sakafu aliyotoka kuideki, mikono inachuruzika maji, kashika kitufe kilichokatika. Juu ya jiko ametundika kanzu ya mumewe ikauke. Na ndani ya oveni amepanga khanga zake mpya na mabeseni, kwa sababu, alisema, kabati hilo lilikuwa safi na lina mlango wa kioo.

"Mama!" Niyitegeka akasema, na sauti yake ikawa kali kuliko alivyokusudia. "Toka hapo kwanza!"

"Wewe unanifokea mimi?"

Hapo Niyitegeka akafikiri upesi. Akimwambia ukweli, itabidi aeleze ameujuaje, na Mwanaamina ataona alichekwa siku tatu nzima. Asipomwambia, huyu mama atakufa ndani ya wiki, na yeye ndiye atakayeosha sakafu. Akashusha macho, akaanza kusugua viganja vyake polepole.

"Samahani, mama. Ni mila zetu tu. Kule kwetu moto mgeni haushikwi kwa mikono ya maji. Moto na maji ni wakewenza. Wakikutana mkononi mwako, wanakupigania wewe."

Mwanaamina akacheka kwa nguvu. Lakini akatoa mkono. Akaufuta kwenye khanga, mara mbili.

"Ushirikina huo," akasema.

"Ndiyo, mama. Na tena miguu. Moto mgeni hutandikiwa. Anayeupikia husimama juu ya ubao mkavu, na viatu, kama anayesimama mbele ya mkwe."

"Sisi watu wa Ujiji hatuna mambo hayo."

Alasiri ile ile Niyitegeka alimkuta amesimama mbele ya jiko juu ya ubao wa sanduku, kavaa kandambili, uso kautazamisha pembeni kama mtu aliyejikuta pale kwa bahati mbaya.

Basi miiko ikaanza kutiririka. Niyitegeka aliitoa mmoja mmoja, kwa sauti ya kunong'ona. Mkono wa sufuria usiangalie mlango, maana baraka ya chakula hushika njia na kutoka. Ugeuzwe ndani, utazame ukuta. Nguo isitundikwe juu ya moto mgeni, una wivu, utaivuta. Khanga ya anayepika ifungwe kiunoni, ncha isining'inie, kwa sababu hiyo hiyo ya wivu. Sahani ikizimwa, ihesabiwe kuwa bado inaota ndoto ya moto. Isiguswe mpaka itemewe tone la maji na tone likae kimya. Ukimaliza, usiage jiko kwa vitufe peke yake. Shusha na mkono mwekundu ukutani, maana mwenyeji humfungia mgeni mlango. Na zaidi ya yote, moto mgeni usiachwe peke yake. Haupendi upweke.

Kuhusu oveni alisema neno moja tu: "Nyoka."

"Nyoka gani?"

"Anapenda matundu yenye joto, mama. Penye nguo ndani hutaga."

Khanga zikatoka. Mabeseni yakatoka. Mwanaamina akafunga mlango wa kioo na hakuugusa tena. Hata akipita mbele yake alipita kwa upande.

Usiku Niyitegeka alimsimulia bintiye Kezia, wakacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Mchana alikuwa na uso wa mtu anayezika. Na kwa kuwa binadamu ni binadamu, mambo yakienda vizuri mno ulimi hupata ujasiri. Ijumaa moja nyama ya mbuzi ilipokuwa ikichemka, akavuta pumzi ndefu, akasema: "Kuna mwiko mmoja mama, naogopa kuutaja."

"Taja."

"Mfupa wenye ute. Ule wa kwanza kutoka sufuriani. Hauliwi na mwenye jiko. Hupewa mgeni aliyetoka mbali, la sivyo mchuzi unachacha."

Mwanaamina akafikiri. Akatazama nyumba nzima kumtafuta mgeni aliyetoka mbali. Macho yakarudi pale pale. Tangu siku hiyo Niyitegeka alikula mfupa wenye ute kila Ijumaa, nyuma ya ghala, taratibu, kwa heshima ya mila.

Miezi miwili ikapita hivyo bila hata kidole kuungua. Mwanaamina akawa na sifa mjini. Wake wa wenye maduka walikuja kutazama, naye aliwapokea juu ya ubao wake, kandambili miguuni, akiwaeleza kwamba umeme una adabu zake na asiyezijua asijaribu. Miiko aliitaja yote, ila alisema alifunzwa na shangazi yake wa Dar es Salaam.

Kisha ikaja posa ya Mwamvua.

Mchumba alikuwa Hamis, kijana wa Ujiji mwenye kazi bandarini Kigoma. Ikaletwa habari kwamba Jumamosi watakuja wazee wawili, pamoja na mama wa kijana, Bi Kudra. Mwanaamina alipolisikia jina hilo alikosa usingizi. Bi Kudra alikuwa mtu wa mjini, anayekaa kwenye nyumba yenye umeme usiku na mchana. Huyo hakuwa wa kupikiwa kwa kuni.

"Nitamkaangia sambusa mwenyewe," alisema. "Mbele ya macho yake. Ajue binti anatoka nyumba gani."

Jumamosi, baada ya adhuhuri, jenereta ikawashwa. Mwanaamina akavaa, akajipaka wanja, akabandika karai la mafuta kwenye sahani kubwa na kuzungusha kitufe mpaka mwisho. Wazee wakapokelewa barazani na Mzee Khatibu. Vikombe vikaonekana havitoshi, Niyitegeka akatumwa kwa jirani kuazima.

"Mama, hilo karai," alisema akiwa mlangoni.

"Nalijua karai langu. Nenda!"

Niyitegeka akaenda. Hapo ndipo sauti ya Bi Kudra ikasikika ukumbini ikipiga hodi, na Mwanaamina akatoka kumsalimu, kwa dakika moja tu.

Lakini nani ameshawahi kuona watu wawili wa Ujiji wakisalimiana kwa dakika moja? Waliulizana hali. Waliulizana hali za watoto, za wajomba, za waliosafiri na waliorudi. Ikabainika kwamba Bi Kudra alisoma chuo na dada yake Mwanaamina, kwa mwalimu mmoja. Walikuwa wamefika kwa marehemu wakiwarehemu mmoja mmoja, pale harufu ilipoingia ukumbini.

Niyitegeka alikuwa akirudi na sinia la vikombe kichwani alipoona moshi mweusi ukitoka dirisha la jikoni. Aliweka sinia chini pale pale njiani, akakimbia. Ndani ya ujia alimkuta Mzee Khatibu, kanzu nyeupe, kofia imeinamia jicho, anakwenda mbio na ndoo ya maji imejaa pomoni.

"Oya, hapana!" Niyitegeka akapiga kelele. "Weka chini! Weka chini ndoo!"

Khatibu hakuweka. Mwenye nyumba hasimamishwi na mpishi nyumba yake ikiungua. Niyitegeka akamkamata kanzu kwa nyuma kwa mikono miwili, akavuta kama anayemvuta mbuzi kwenye shamba la maharage. Khatibu akakaa chini kitako. Ndoo ikawamwagikia wote wawili, mzee zaidi.

"Maji kwenye mafuta yanayowaka yanalipua, mzee!" akasema, akamruka.

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Mwali ulikuwa umesimama juu ya karai, wa njano, ukilamba kuelekea dari. Niyitegeka hakuingia na maji mwilini. Alivua khanga ya juu iliyolowa, akaitupa, akafuta mikono kwenye pazia kavu mlangoni, akaingiza miguu katika kandambili za Mwanaamina zilizokuwa pale. Kisha akashusha mkono mwekundu wa ukutani. Akachukua sinia pana la bati, akalishika kama ngao, akalisukuma juu ya karai kuanzia upande wake yeye, taratibu, mpaka likafunika ukingo wote. Mwali ukatoka pembeni mara moja, ukanywea, ukafa.

Watu walikuwa wamejazana mlangoni: Mwanaamina, Mwamvua, Bi Kudra, na nyuma yao wazee wawili wa posa.

"Karai langu," Mwanaamina akasema kwa sauti ndogo, akanyoosha mkono kwenye sinia.

"Usiguse!" Niyitegeka akamkata. "Ukilifunua linapata pumzi, linawaka upya. Wala halibebwi. Litakaa hapo hapo mpaka lipoe kabisa. Mwamvua, fungua madirisha. Mzee, mwite Venanti aangalie waya. Nyinyi wengine rudini mkae, mnaziba njia."

Na wote, pamoja na wazee wa posa, wakarudi wakakaa.

Karai lilipopoa, Venanti akakagua waya mmoja mmoja, akatikisa kichwa, akasema jiko ni zima, ni moshi tu. Niyitegeka akafuta kila kitu kikavu. Wageni walikuwa bado hawajala. Akaomba unga, mayai, sukari, siagi na ndizi mbivu. Akafungua ule mlango wa kioo. Mwanaamina akaruka nyuma. Niyitegeka akaingiza mkono, akatoa rafu, akazipanga, akarudisha mkono mwekundu juu, akazungusha kitufe kilichokatika kwa ncha ya kucha mpaka mahali alipopataka yeye. Bi Kudra alikuwa amejivutia kigoda, anatazama bila kupepesa. Baada ya saa moja, Niyitegeka alikunja kitambaa kikavu mara nne, akatoa keki ya ndizi, ya rangi ya kahawia, imeumuka, haina hata ufa.

"Dada," Bi Kudra akauliza, "haya umejifunza wapi?"

Hakukuwa na pa kukimbilia. "Bujumbura, mama. Nilipika miaka tisa kwa Mgiriki. Jiko kama hili hili."

Mwanaamina alikuwa amesimama kando ya ukuta. Niyitegeka aliona maneno yakimwingia, na baada ya maneno aliona miezi miwili ikirudi usoni pake, siku baada ya siku.

"Wakewenza," Mwanaamina akasema taratibu.

"Ulikuwa umeshika kitufe kwa mikono ya maji, mama. Ungekufa."

"Na nyoka?"

"Hakuna nyoka. Khanga zako zingewaka."

"Na mfupa?"

Niyitegeka akakata keki. Akaipanga kwenye sahani kipande kwa kipande. "Mfupa ni mila kweli," akasema.

Bi Kudra ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akashika ubavu, mpaka mtandio ukamwanguka. Mwamvua akafuata. Mwanaamina alikaza uso kadiri alivyoweza, mashavu yakatetemeka, kisha naye akakaa chini sakafuni na wanja wake wote ukamtiririka.

Cheko hilo halikumaliza mambo. Jioni, wageni walipokwisha kupokea jibu la posa, nalo lilikuwa jema, Bi Kudra alimvuta Niyitegeka pembeni. Akamwambia kwa siri kwamba Hamis amemnunulia jiko la umeme mwaka jana, na yeye hajawahi kuliwasha hata siku moja. Analiogopa. Hupikia mkaa uani, na majirani wakija hulifuta vumbi. Je, Niyitegeka hawezi kwenda naye Kigoma?

"Haendi popote!" Mwanaamina akasema nyuma yao, kumbe alikuwa kajibanza mlangoni. "Huyu ni mtu wangu."

"Mtu wako alikwambia anapikia mavi ya ng'ombe ukaamini," Bi Kudra akajibu. Habari zilikuwa zimekwisha kumfikia.

Niyitegeka akawasikiliza wakivutana, mmoja kulia na mwingine kushoto. Ilikuwa ni mara ya kwanza tangu avuke mpaka kwa watu wawili kumgombea. Mwishowe akasema atakwenda Kigoma majuma mawili, kisha atarudi. Lakini akirudi hataitwa "wewe".

Alikwenda kweli, akapanda lori la samaki pamoja na Kezia. Alipouona umeme wa Kigoma ukiwaka bila kelele ya jenereta alisimama kidogo barabarani. Majuma mawili yaliisha. Aliporudi Kasulu alikuta jiko jeupe limefunikwa shuka, na Mwanaamina uani, macho mekundu kwa moshi wa kuni, anapuliza.

"Sijaligusa," Mwanaamina akasema. Akainuka, akajipangusa majivu. Aliyotamka hayakuwa maneno aliyoyazoea. "Dada Niyitegeka. Nifundishe. Lakini safari hii bila wakewenza."

Akamfundisha asubuhi ile ile. Alimwanzishia mbali, swichi ya ukutani, akamtaka aishushe na kuipandisha mara kumi huku amefumba macho. Akamwonyesha kwamba mafuta hutoa moshi kabla ya kushika moto, na kwamba moshi huo ni salamu ya mwisho. Mwanaamina alikuwa mwanafunzi mzuri kuliko alivyokuwa mwalimu. Mara moja tu alisahau, akageuza mkono wa sufuria nje, na Niyitegeka akajikuta anatafuta rula kwa macho. Haikuwepo. Akaacha.

Harusi ilifungwa baada ya mfungo. Pilau ilipikwa uani kwa kuni, kwenye masufuria ya kuinuliwa na wanaume wanne, kwani hakuna jiko jeupe la kuyabeba hayo. Wapishi waliletwa kutoka Ujiji. Niyitegeka hakupika. Alikaa mkekani na upande wa bwana harusi, karibu na Bi Kudra, kavaa khanga za sare, na mara kwa mara alikuwa akivuta ncha yake kuiangalia rangi. Chakula kilipotoka, Mwanaamina alimletea sahani kwa mkono wake mwenyewe, akabaki ameinama pale kusubiri aonje.

"Chumvi?" akauliza.

Niyitegeka akatafuna bila haraka. "Imekolea, dada," akasema, akasogea kumpisha akae.